Gitaa la Buluu Lililonigeukia Kijani

Nimestaafu. Mnaosema kwamba nimeacha kazi kwa sababu ya mgongo mnanisitiri, na nawashukuru, lakini mgongo wangu hauna neno. Juzi tu nimebeba gunia la mchele kutoka sokoni hadi nyumbani na sikupumzika ila mara moja, nayo ni kwa kuwa nilikutana na mtu wa maneno mengi. Nimeacha kwa sababu ya gitaa. Kila mmoja wenu hapo karakanani ana kisa chake kuhusu gitaa lile, vyote nimevisikia, na vyote ni uongo mtupu. Basi nimekaa barazani na daftari, mke wangu kaniwekea kahawa, niwaandikie mwenyewe mambo ya kazi hii tangu mwanzo, angalau mpate cha kubishania kilicho kweli.

Ya mishahara na vyeo siyasemi. Karakana niliyoanzia haikuwa na vyeo. Alikuwepo Fundi Shee, tukawepo sisi wengine.

Nilitoka Chovae kuja Kismayo nikiwa na miaka kama kumi na minane, najiona bingwa wa rangi. Kwetu kisiwani nilikuwa nimepaka mashua tangu nijue kushika brashi. Kazi hiyo kwetu ina mpango wake: unakwangua, unaziba, unapaka, kisha mwisho wa yote unapiga sifa. Sifa ninayosema hapa ni mafuta ya ini la papa, yale mazito yenye harufu ya kumfungisha jirani madirisha. Chombo kisichopigwa sifa, kwetu, kimetoka uchi. Nilikuja mjini na imani hiyo, na kopo la sifa mfukoni. Mama alikuwa amelifunga kwa kitambaa mara tatu, na bado wenzangu kwenye boti walinihamisha nikakae nyuma kabisa, peke yangu.

Fundi Shee alikuwa akitengeneza vitanda, masanduku na milango. Pembeni alikuwa akishughulikia ala za bendi, maana siku hizo Kismayo arusi ya heshima ilitaka gitaa la umeme, na hewa yetu ya chumvi ilikuwa haiyaonei huruma magitaa. Yaliingia mjini yaking'aa, yakikaa mwaka yanabambuka. Siku yangu ya kwanza Fundi alinipa kigoda na kipande cha msasa, akaniambia nisugue mguu wake mmoja mpaka arudi. Ilikuwa Ijumaa. Alikwenda msikitini, akaalikwa chakula, akalala kidogo, akanisahau. Aliporudi mguu mmoja ulikuwa mwembamba kuliko mitatu iliyobaki. Aliutazama, akanitazama mimi, akasema kwamba angalau najua kusikiliza. Kigoda kile hakukiuza. Alikikalia mwenyewe miaka yote, kaegemea upande, na kila mteja aliyeuliza alielezwa kisa changu tangu mwanzo hadi mwisho.

Fundi Shee alikuwa mfupi, mwenye masikio makubwa, na alikuwa na tabia ya kunusa kila kitu kabla ya kukishika. Alinifundisha kwamba magitaa ya kiwandani yana vanishi za aina mbili. Kuna ile nene ya kisasa, ngumu kama plastiki ya ndoo, ambayo haibadiliki sana hata ukiisahau juani. Na kuna ile nyembamba ya zamani, inayoyeyuka ukiigusa na tina ya kuzimulia rangi, na hiyo ndiyo yenye vituko. Ile nyembamba huanza angavu, halafu mwaka hadi mwaka inajitia unjano, polepole, bila kumwomba mtu ruhusa. Gitaa jeupe linakuwa rangi ya siagi. Jekundu linapauka, na likiwa limechanganywa na manjano, wekundu ndio unaotangulia kukimbia jua. Jeusi linaingia ukahawia kwenye kingo. Na la buluu, kwa kuwa unjano unakaa juu ya buluu, linaanza kuwa kijani. Mwenye gitaa haoni, kwa sababu analiona kila siku. Anayeona ni aliyesafiri akarudi.

Unjano huo uliwahi kuvunja nyumba, au ulikaribia. Palikuwa na mwalimu mmoja wa shule, Mwalimu Haji, mwenye gitaa jeupe alilolipenda kuliko alivyompenda mkewe, na mkewe alikuwa akijua. Walikuwa wakiishi kwa mama mkwe. Siku moja Mwalimu akalishusha gitaa ukutani, kamba ya begani ikaanguka, na pale ilipokuwa imelalia akaona weupe wa zamani, mkanda mzima, na pande zote mbili ni manjano. Akatangaza kwamba mama mkwe amelimwagia bizari. Mama mkwe akakataa, akalia, wazee wa pande zote mbili wakaitwa, na mimi nikatumwa nikamwite Fundi Shee kama shahidi. Fundi akaja, akalinusa gitaa, akachovya kitambaa kwenye maji ya sabuni, akasugua mbele ya wote. Unjano haukutoka hata chembe. Akawaeleza kwamba hiyo ni vanishi yenyewe, imezeeka, na chini ya kamba haikuona jua ndiyo maana imebaki kijana. Mama mkwe akafuta machozi, akadai doti mbili za leso na radhi ya hadharani. Alipata vyote, na mpaka anakufa alikuwa akimwita mkwewe Mwalimu Bizari.

Kisa cha pili ni cha mpiga gitaa aliyesikia nusu ya maneno. Alimsikia Fundi akisema joto linaharibu vanishi, akaenda zake kabla hajasikia nusu ya pili, akaliweka gitaa kwenye chumba cha barafu pamoja na samaki. Baada ya wiki akalileta karakanani saa sita mchana, analijivunia, akaliweka mezani juani. Tukasikia linalia, tik, tik, tik, na mbele ya macho yetu vanishi ikapasuka nyufa nyembamba kama nywele, kutoka juu hadi chini. Vanishi haipendi joto, na haipendi baridi, na zaidi ya yote haipendi kutolewa huku ikatiwa kule kwa ghafla. Yule bwana aliuliza kama nyufa zinazibika. Fundi akamwambia nyufa hazizibiki, ila harufu ya samaki itatoka baada ya mwezi.

Sasa nije kwenye dhambi yangu.

Palikuwa na mpiga gitaa akiitwa Bwana Omari, mtu wa Koyama, mpole, mwenye vidole virefu. Alileta gitaa lake likiwa limebambuka lote, mbao tupu, na siku ile Fundi Shee alikuwa amekwenda Kudha kwenye msiba. Kabla ya kuondoka alikuwa ameniambia nisuguesugue vitanda na nisiguse kitu kingine. Bwana Omari akasema arusi iko karibu, akauliza kama naweza. Kijana anayeulizwa kama anaweza anajibu nini? Nikamwambia naweza hata usingizini. Alitaka buluu ile ya ubavuni mwa mashua ya babake, na kwa bahati nilikuwa na nusu kopo ya rangi hiyohiyo.

Nikapaka. Buluu ilikaa vizuri, wallahi, mpaka leo sijapata kupaka buluu nyingine ya vile. Kisha vanishi. Fundi alikuwa akisema koti tatu, yaani kupaka mara tatu, zinatosha. Mimi nikapiga saba, kwani kama tatu ni nzuri saba zitakuwaje. Na kwenye ile ya saba, nilipotaka kumaliza, moyo ukakataa. Kwetu hakuna kitu kinachotoka mikononi mwa fundi bila sifa. Nikalifungua kopo la mama, nikatia vijiko viwili kwenye vanishi, nikakoroga, nikapaka. Nasikia kuna mafundi wakubwa wa magitaa duniani, na kila mmoja ana makosa yake, lakini kosa hilo lilihitaji mtu wa Chovae.

Gitaa liling'aa mpaka ukitaka unanyoa ndevu mbele yake. Kasoro moja tu, halikukauka sawasawa. Nzi mmoja alitua karibu na pembe ya chini akabaki hapohapo, na nilipojaribu kumtoa nilizidi kumzamisha, nikamwacha. Siku ya arusi Bwana Omari alipiga huku paka watatu wamekaa mbele yake, wametulia, hawapepesi macho. Watu walicheka sana. Yeye alisema kwamba katika maisha yake hajapata wasikilizaji wenye adabu kama wale, na akalipenda gitaa lile vilevile, na paka wake.

Fundi Shee aliporudi alisimama mlangoni, akanusa, na akajua. Akaniambia nimwite Bwana Omari alete gitaa alione. Akaligeuza, akamwona nzi. Akasema tu kwamba litageuka kijani. Nilikasirika, maana nilikuwa nimeshasifiwa na mji mzima, nikamwambia mbele ya watu kwamba rangi yangu haibadiliki leo wala kesho. Yeye akajibu kwamba tutaona, akaenda kukalia kigoda chake. Na mimi kwa ukaidi nikachukua kipande cha bati nikaandika: FUNDI LALI, RANGI HAIPAUKI HAIBADILIKI. Mnakijua kibao hicho. Nilikitundika kwenye kila karakana niliyofanya kazi.

Fundi Shee alifariki, Mungu amrehemu, kabla ya vita. Vita vilipokuja tulitawanyika kila mtu na njia yake. Mimi nilifika Mombasa na familia na brashi mbili na bati langu, nikapaka vitanda vya watu miaka mingi. Bwana Omari nilisikia alifia ugenini, na watu wake wakaenda Ulaya. Gitaa sikusikia habari yake, na sikuuliza.

Niliporudi Kismayo nikafungua karakana hii mnayoijua, mwezi wa kwanza tu akaingia Kombo, mpiga gitaa, na shida ya ufunguo wa kukazia uzi uliolegea. Akalitoa gitaa mkobani. Lilikuwa kijani. Si kijani cha kubahatisha, kijani cha embe changa, hasa mbele, na nyuma palipokuwa pakiegemea ukuta palikuwa pamesalia samawati ya uongouongo. Karibu na pembe ya chini, ndani ya vanishi, alikuwa nzi. Tulitazamana mimi na yule nzi.

Nilifanya nini? Nilisema hivi, na naandika kwa aibu: "Kijani kizuri. Nani alikipaka?"

Kombo akasema hajui, alilinunua kwa mtu aliyelinunua kwa mtu, na kwamba miaka ile ambayo muziki ulikuwa haupigwi hadharani alilificha chini ya kitanda amelizungushia magunia. Alikipenda kijani hicho. Mji mzima ulikuwa ukimwita Kombo Kijani, na shati lake la arusi lilikuwa kijani, na juu ya kichwa changu, pale mlangoni, lilikuwa bati langu. Nikakaza ufunguo, nikampa gitaa lake. Kwa miaka minane alikuwa akija na kutoka, tukawa marafiki, na kila mara alipoliweka mezani nililifunika kwa kitambaa upande wa nzi nikimwambia nazuia vumbi.

Hapo ndipo alipokuja Bi Esha.

Mlikuwepo wengine wenu siku ile. Mwanamke wa makamo, koti refu, anaongea Kibajuni chetu kwa uangalifu kama anayevuka ubao mwembamba. Akanisalimu, akaniita ami, akasema ni binti wa Omari wa Koyama aliyekuwa akipiga gitaa. Amekuja kutoka Ulaya kwa arusi ya mpwa wake huko Koyama, Alhamisi, na Jumamosi anarudi. Walipokimbia hawakuchukua picha hata moja. Babake alikufa yeye bado mdogo, na mama yake hakuwa mtu wa kusimulia. Kitu kimoja tu alichobaki nacho ni kwamba baba alikuwa na gitaa la buluu. Ameambiwa mjini kuna gitaa moja la zamani, la Kombo, amekwenda kuliona, ni kijani. Kombo amemwonyesha kwa roho safi, akamwambia hili ni kijani tangu lizaliwe. Kisha watu wakamwelekeza kwangu, kwamba kama kuna anayejua magitaa ya zamani ni Fundi Lali.

"Ami," akaniambia, "lilikuwepo kweli gitaa la buluu?"

Nilitazama juu kwenye bati. Nikasema sikumbuki.

Akashukuru. Kilichoniuma ni hicho, alishukuru, akaomba radhi kwa kunipotezea wakati, akaondoka. Mimi nikachukua msasa nikasugua ubao ambao ulikuwa umeshasuguliwa.

Nyumbani mke wangu, Bi Mwanajuma, aliniwekea samaki wa kupaka, nikamtazama samaki. Mimi kutokula samaki wa kupaka si jambo la kawaida, na mke wangu akaweka kawa chini, akanisubiri niseme. Nikamweleza yote, nzi, vijiko viwili, kila kitu. Nilijitetea kidogo. Nilisema kwamba nikilitaja gitaa lile nimejivunjia jina nililolijenga tangu ujana, kwamba Marehemu Fundi Shee atakuwa amenishinda kutoka kaburini, kwamba isitoshe Kombo anakula kwa gitaa lile na huyu mama akilichukua tutakuwa tumemkata mkono. Hoja hiyo ya Kombo niliitoa kwa sauti nzuri sana.

Mke wangu akaniambia, kwa Kibajuni chetu ambacho mtu ni mchu, "Mwana wa mchu anamtafuta babake, Lali. Wewe unatafuta nini?"

Alichukua samaki akampelekea jirani.

Asubuhi nikatuma Kombo aitwe na Bi Esha aitwe. Walifika kabla ya adhuhuri, na kama mnavyojua watu wa benchi la chai hapo jirani hawaachi kitu kipite, nao wakasogeza benchi. Nikamwomba Kombo aliweke gitaa mezani. Nikasema, na nilisema kwa sauti kwa sababu nilijua nikisema polepole nitaulizwa mara ya pili:

"Gitaa hili nililipaka mimi. Lilikuwa buluu. Rangi yangu imebadilika."

Mmoja wa benchi akalitazama bati langu, akanitazama mimi, akaanza kucheka, na wenzake wakamfuata. Kombo hakucheka. Alisema kwamba Fundi anatania, kijani hiki kimeingia mpaka ndani. Bi Esha naye alinitazama kwa huruma, akidhani namfariji mgeni, na huruma yake ndiyo iliyonichoma zaidi.

Sasa niwaambie jambo ambalo hata Fundi Shee sikuwahi kumwambia. Kwenye gitaa la namna ile pana bamba la plastiki chini ya nyuzi, la kuzuia makucha ya mpigaji, limeshikwa kwa skrubu tano. Wakati ule nilipokuwa napiga koti saba, mahali pa bamba sikupiga hata moja. Nilisema nani atapaona. Ni uvivu, vijana, uvivu mtupu, na Fundi angejua angenizaba kofi. Buluu pale ilibaki bila vanishi, bila sifa, bila jua.

Nikachukua bisbisi. Skrubu nne zilitoka kwa hiari, ya tano ilikuwa imeota kutu na ikanitoa jasho. Nikaingiza ncha ya kisu chini ya bamba, nikaliinua.

Ilikuwepo. Buluu nzima, umbo la bamba lenyewe, kingo zimekatika safi kabisa kama nimeipaka jana, na pembeni pake kijani kote. Hata mimi nilikuwa nimesahau jinsi ilivyo buluu.

Bi Esha hakuishika mara moja. Aliinama karibu sana, mikono nyuma, kama watoto wanavyofanya wakikatazwa kugusa. Kisha akaweka kiganja juu yake, akakiacha hapo.

"Nilikuwa nimeanza kuamini niliiota," akasema.

Akalia. Mimi pia nililia, na anayesema kwamba ilikuwa harufu ya tina aje aniambie usoni.

Kombo alikuwa amekaa kwenye kitanda kisichokamilika, uso umemshuka. Baada ya muda akauinua mkoba wa gitaa, akaukung'uta vumbi, akauweka mbele ya Bi Esha umefunguliwa. Akasema, "Nimelipiga miaka ishirini, dada. Sikujua ni la mtu. Lichukue." Na ilikuwa dhahiri kwamba hana gitaa jingine.

Bi Esha akamuuliza anapiga nini kwenye arusi. Kombo akataja nyimbo zake. Akamuuliza kama Alhamisi ana kazi. Kombo akasema hana. Bi Esha akaufunga mkoba, akamrudishia, akasema yeye hajui kupiga hata wimbo mmoja, na kwake Ulaya gitaa litaning'inizwa sebuleni wageni waulize bei. Abaki nalo. Ila Alhamisi aje nalo Koyama, na bamba liwe limetolewa.

Hapo mimi nikaruka. Nikasema nina kopo la buluu, nipewe siku mbili, nitakwangua kijani chote na kulirudisha lilivyokuwa, hatajua mtu. Bi Esha akasema hapana, ami. Akauliza ile buluu ikiachwa wazi itakuwaje. Nilitamani kumwambia itadumu milele. Mdomo ulikuwa umeshazoea njia hiyo. Nikamwambia ukweli, kwamba siku moja haitaidhuru, lakini ikizoea jua itapauka, na jasho la mkono litaila. Akasema basi baada ya arusi ifunikwe tena.

Na hayo ndiyo ya gitaa, lakini si hayo peke yake yaliyonistaafisha. Habari ilifika sokoni kabla yangu. Kesho yake asubuhi nilipofika karakanani nilikuta foleni. Alikuwepo bwana mmoja na mlango mabegani, mweupe nilioupaka mimi, sasa umekuwa siagi, anasema bati linasema haibadiliki. Alikuwepo mama na stuli ya samawati iliyoingia ukijani. Walikuwepo watu wanne na kitanda, mwenye kitanda amekaa juu yake amejifanya mgonjwa. Mzee mmoja alileta kipande cha ubao tu, anasema mashua yenyewe ilizama lakini dhamana ni dhamana. Niliwatazama wote, nikapanda ngazi, nikalishusha bati, nikatangaza kwamba Fundi Lali amestaafu tangu dakika ile na vijana wangu watawahudumia. Mlinikasirikia, najua. Yule wa kitanda nasikia bado anawasumbua. Mpigieni koti tatu, zisizidi, na mwambieni mapema kwamba itageuka.

Alhamisi nilikwenda Koyama na boti ya injini, mimi na mke wangu na Kombo na shati lake la kijani. Arusi ilikuwa mchana, baada ya chakula. Viti vya plastiki vilikuwa vimepangwa kwa ajili ya jamaa waliotoka mbali, na Bi Esha aliwekewa cha mbele kabisa, chenye mto. Kombo akaunganisha waya, akakaza nyuzi, akaanza. Gitaa kijani, na katikati yake buluu, kila mtu anaiona.

Wimbo wa kwanza haujafika nusu, Bi Esha akainuka kwenye kiti chake. Nikadhani amezidiwa. Akavua viatu, akapita kati ya viti, akaenda kuketi mkekani miongoni mwa watoto, karibu na miguu ya Kombo, na vito vyake na koti lake refu. Watoto wakasogea wakampisha. Mwenye arusi akaona haya, akaniomba mimi niliye mzee nikamwambie arudi kitini, watu wanatazama.

Nikaenda, nikachuchumaa kando yake kwa shida, nikamwambia kwamba kiti chake kipo na kule ataona vizuri zaidi.

Hakunigeukia. Alikuwa ameinua kidevu, anatazama juu.

"Kule sipajui, ami," akasema. "Huku chini ndiko nilikokuwa nikilionea, baba akipiga."

Nikakaa na mimi.